Mwenye Gazeti na Mwenye Macho

Habari Corporation ilipouzwa, yapata miaka ishirini iliyopita, hakuna aliyewauliza wasomaji. Gazeti la Rai liliendelea kuteremshwa na basi kutoka Dar es Salaam likiwa na jina lile lile, na mtu wa Korogwe aliyelinunua stendi alirudi nyumbani na kitu kilichofanana kabisa na cha wiki iliyotangulia. Aliyebadilika ni mwenye mali. Mnunuzi alikuwa Rostam Aziz, mfanyabiashara, mbunge wa Igunga na mtu aliyewahi kushika hazina ya CCM. Kampuni ikapewa jina la New Habari (2006). Jenerali Ulimwengu na baadhi ya wenzake walioijenga Habari Corporation wakawa nje, na mwaka 2007 wakatoka na gazeti jingine la kila wiki, Raia Mwema.

Kwa mtu wa Handeni au Korogwe, habari ya nani kanunua hisa za nani ilikuwa ya mbali, ya watu wa mjini. Iliyomfikia ni nyingine: amefungua ukurasa wa ndani, jina alilozoea halipo. Rai lilikuwa gazeti la makala. Watu walilinunua wakijua wanamnunua mtu, na Ulimwengu alikuwa na wafuasi ambao mwaka 2001, serikali ilipotamka kwamba si raia wa Tanzania, walilichukulia jambo hilo kama lao. Msomaji wa namna hiyo hana mkataba na kampuni. Safu ikihama naye huhama, hata ikibidi kusubiri mwaka mzima na zaidi mpaka nyumba mpya ipate paa.

Hili si la Tanzania peke yake. Mwaka huo huo wa 2007, mjini Kampala, Andrew Mwenda alitoka Daily Monitor, ambalo tangu 2000 lilikuwa chini ya kampuni ya Nation ya Nairobi, akaanzisha jarida lake, The Independent. Huko Chicago, mapema 1984, Rupert Murdoch alipolichukua Sun-Times, mwandishi wa safu Mike Royko alivuka na kwenda kwa mshindani, Tribune, akiacha nyuma kejeli kwamba samaki mwenye kujiheshimu hawezi kukubali kufungiwa ndani ya gazeti la Murdoch. (Maandazi ya stendi ya Korogwe hayana majivuno hayo; hufungiwa ndani ya gazeti la yeyote.) Tofauti ni kwamba Royko alikuta mlango wa pili umeshafunguliwa, na msomaji wake hakukosa safu hata mwezi. Waandishi wa Dar es Salaam na Kampala walilazimika kujenga mlango wenyewe. Mji wenye magazeti mawili makubwa yanayogombea kalamu moja ni anasa ambayo sehemu nyingi za dunia hazina.

Korogwe na Handeni, ingawa ni majirani, hazikuwahi kusoma gazeti kwa namna moja. Korogwe iko barabarani: reli ya Tanga ilifika 1902, na baadaye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha ikapita hapo hapo, hivyo gazeti la Dar es Salaam hufika likiwa bado la leo. Handeni iko kando. Kutoka Mkata ni kilomita 54, kutoka Korogwe ni 65, na lami ya njia hizo mbili ni ya juzi tu. Kabla yake, wakati wa masika, gazeti lingeweza kulala njiani, na gazeti lililolala halina tena habari; lina makala. Ndiyo maana naamini msomaji wa Handeni alifundishwa na barabara kushikamana na mwandishi, na wa Korogwe alifundishwa na barabara kushikamana na upya. Mwenye gazeti akibadilika, wa Korogwe hana haraka ya kujua maadamu mechi ya jana imo. Wa Handeni hujua upesi, kwa kuwa kile alichokuwa akikingojea kwa siku mbili hakimo.

Eneo hili lina uzoefu wa zamani wa kutenganisha kalamu na mtambo. Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyekaa miaka mingi Mazinde kwa Semboja mwana wa mfalme Kimweri, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kinachoanza na Mbega, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, sehemu ambayo hadi 2002 ilikuwa ndani ya wilaya ya Handeni, kisha ikawa Kilindi. Kilipigwa chapa Magila, kwenye mtambo wa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, watu waliokuja kwa shughuli tofauti kabisa na ya kusimulia ukoo wa kifalme. Mtambo ule ule ulitoa gazeti la Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Msambaa au Mzigua aliyekishika kitabu cha Wakilindi alitaka kujua kama ukoo umeelezwa sawasawa. Mtambo wa nani lilikuwa swali la padri.

Serikali ya Wajerumani nayo ilikuwa na gazeti lake, Kiongozi, likitolewa na shule ya serikali ya Tanga. Ukilisoma leo utashangaa kwa kiasi gani lilikuwa gazeti la wasomaji wenyewe. Walimu, makarani na maakida, wengi wao wamesoma Tanga au kwa wamisionari, walituma habari za miji yao: nani kahamishwa, simba kala ng'ombe wapi, mvua ikoje, nani kaoa. Mwenye gazeti alikuwa dola, na dola ilisema yake, kodi na amri na sifa za Kaisari. Ila karani aliyekuwa kituo cha Handeni hakulingojea gazeti ili amsome Kaisari. Alingojea kuona kama barua yake imetoka.

Mwaka 1916 Waingereza waliingia Tanga na Kiongozi likafa. Hapo ndipo tungetegemea kuona msiba wa wasomaji, au angalau uaminifu uliogoma kuhama: mwenye gazeti si tu kabadilika, kafukuzwa nchini kwa mizinga. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Mwingereza ikaanzisha Mambo Leo kutoka Dar es Salaam, na tabaka lile lile la walimu na makarani likachukua kalamu na kuanza kutuma habari za miji, mashairi na majibizano, kana kwamba katikati hapakupita kitu ila likizo ndefu. Kuna watakaosema huo ulikuwa unyonge wa mtawaliwa, anayemwandikia bwana yeyote aliyepo. Sikubaliani nao sana. Mtu aliyetuma shairi Mambo Leo hakuwa akimtumikia Gavana. Alikuwa akiwatafuta washairi wenzake wa Pangani, Lindi na Tabora, na gazeti la Gavana ndilo lililokuwa posta. Uaminifu wao ulikuwa kwa ukurasa ule mmoja ambamo walionana. Angeufuta mhariri ukurasa huo angewapoteza, hata kama mwenye gazeti angebaki yule yule.

Watu wa Korogwe wanajua kubadilishiwa mwenye mali kuliko wahariri wengi. Mashamba ya mkonge ya Ngombezi, Magunga na Hale yameshapita mikononi mwa Wajerumani, Mwingereza akayashika kama mali ya adui na kuyauza, yakaja makampuni na matajiri wa kila rangi, mengi yakaingia serikalini baada ya Azimio la Arusha 1967, na 1998 ikaja Katani Limited. Mkata mkonge hakuwahi kuulizwa. Alichotazama ni siku ya mshahara na jinsi matita yanavyohesabiwa. Hesabu ikianza kupindika ndipo husema tajiri mpya kaingia, hata kama ameshaingia tangu mwaka jana. Msomaji wa gazeti hupima hivyo hivyo.

Ila ukitaka kuona mabadiliko ya umiliki yaliyofanywa hadharani, mchana kweupe, tazama tarehe 5 Februari 1970. Siku ya kutimia miaka mitatu ya Azimio la Arusha, Rais Nyerere alilitaifisha The Standard, gazeti lililoanza kama Tanganyika Standard mwaka 1930 na ambalo wakati huo lilikuwa la Lonrho ya London. Hakulichukua kimya kimya. Alieleza kwenye gazeti lenyewe kwamba sasa ni la wananchi wa Tanzania na kazi yake ni ipi. Mhariri aliyewekwa ni Frene Ginwala, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, aliyeliendesha kwa ukali wa kimapinduzi kuliko ilivyopendwa na waliomweka. Mwaka uliofuata tahariri iliyomshambulia Rais Nimeiri wa Sudani ilimng'oa. Tarehe 26 Aprili 1972 The Standard na The Nationalist la TANU yakaunganishwa kuwa Daily News, na kiti cha mhariri akakikalia Benjamin Mkapa.

Je, wasomaji walikimbia? Swali halina jibu, kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia. Meneja wa shamba la mkonge, mwenye duka wa Kihindi wa Korogwe, bwana shamba wa Handeni aliyesoma Kiingereza, wote walibakiwa na gazeti moja la kila siku la lugha hiyo. Kwa Kiswahili palikuwa na Uhuru la chama na Ngurumo la Randhir Thaker, ambalo nalo lilikufa 1976. Kuanzia hapo hadi magazeti binafsi yaliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, uaminifu wa msomaji wa Tanzania haupimiki kwa idadi ya nakala. Gazeti la serikali lilinunuliwa kwa sababu ndimo zilimotoka nafasi za kazi, zabuni na uteuzi; na ofisi za serikali zililinunua kwa kuwa ni lao. Tangu zamani hizo watu wamejua kununua gazeti wasiloliamini, na kuamini gazeti wasilolinunua bali waliloazimwa kwa kinyozi. Wanaopima mapenzi ya msomaji kwa mauzo peke yake husahau hilo, na wengi wao ni watu wa matangazo ya biashara.

Lonrho yenyewe ilikuja kukutana na msomaji wa aina nyingine. Mwaka 1981 ilinunua Observer la London, gazeti la Jumapili lenye wasomaji waliojiona wenye dhamiri. Mwaka 1984 mhariri Donald Trelford alikwenda Zimbabwe na kuandika juu ya mauaji ya Matabeleland, huku Lonrho ikiwa na mali nyingi nchini humo. Mkuu wa Lonrho, Tiny Rowland, alimshambulia mhariri wake mwenyewe hadharani. Msomaji wa London aliuona ugomvi wa mwenye gazeti na mwenye kalamu ukichapishwa, akapata cha kupimia. Msomaji wa Dar es Salaam, mwaka 1971, aliona tu kwamba mhariri amebadilika.

Huko Ulaya na Marekani, kitu kingine kinachompa msomaji nguvu ni malipo ya mwezi au mwaka. Jeff Bezos alilinunua Washington Post mwaka 2013 kwa dola milioni 250, na kwa miaka kadhaa wasomaji wengi walimshukuru, kwa maana aliliongezea waandishi. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, gazeti likatangaza kwamba halitamuunga mkono mgombea yeyote, na zaidi ya wasomaji 200,000 wakafuta malipo yao katika siku chache. Miaka 11 kati ya ununuzi na hasira! Hawakumkataa mmiliki alipoingia. Walimkataa walipoona mkono wake ukurasani, au walipodhani wameuona.

Msomaji wa Korogwe hawezi kufuta kitu, kwa kuwa hakuwahi kujiandikisha. Kila asubuhi anaanza upya mbele ya meza ya magazeti, mikono nyuma, akisoma vichwa vya habari vyote bila kutoa shilingi, kisha ananunua moja au anaondoka. Mwuza magazeti hamfukuzi. Anajua huyo huyo kesho atanunua. Kwa msomaji kama huyo hakuna siku ya kuandamana, na gazeti halipati habari kwamba limeachwa. Nakala zinarudi Dar es Salaam zikiwa na kamba yake, na mhasibu anaandika kwamba soko ni gumu. Nadhani hili ndilo linalowadanganya wanunuzi wa magazeti nchini kwetu: wanaamini wamenunua wasomaji pamoja na mtambo, kwa sababu kuondoka kwa wasomaji hakuna kelele.

Hata hivyo msomaji mwenye kushuku naye hukosea. Waliosema magazeti ya New Habari yatakuwa vipaza sauti vya wenye nguvu walipata la kujiuliza Septemba 2013, serikali ilipolifungia Mtanzania, la kampuni hiyo hiyo, kwa siku 90. Mwananchi, lililofungiwa siku ile ile na ambalo wengi waliliona ndilo huru zaidi, lilipewa siku 14. Na Mwananchi lenyewe lilishabadilisha mikono mwaka 2002, likaingia kwa kampuni ya Nation ya Nairobi. Gazeti la Watanzania lenye mwenyewe Kenya! Kwa jinsi tunavyopenda kuwatania jirani zetu, lingepaswa kukimbiwa. Badala yake lilikua mpaka likawa ndilo ambalo watu hulitaja kwanza wakiagiza gazeti. Mwenyewe alikuwa mbali, na Korogwe iliridhika na umbali huo. Tajiri wa Nairobi hagombei ubunge Tanga. Kinachomtia msomaji wetu wasiwasi ni mwenye gazeti anayetaka kura yake, awe wa chama tawala au wa upinzani. Tanzania Daima la familia ya Freeman Mbowe lilisomwa kwa jicho hilo hilo hata na waliolipenda.

Upande mmoja sheria hii ya msomaji kumfuata mwandishi haifanyi kazi: magazeti ya dini. An-nuur linalouzwa misikitini siku ya Ijumaa, au Kiongozi la Kanisa Katoliki, lililozaliwa 1950 likichukua, kwa kujua au kutojua, jina la lile la Wajerumani wa Tanga, halisomwi kwa ajili ya mwandishi fulani. Mwandishi akiondoka hakuna anayehama naye. Hapo mwenye gazeti ndiye sababu ya kununua, na siku gazeti kama hilo likiuzwa kwa mfanyabiashara, hata akiwa mcha Mungu, halitabaki na msomaji. Wafaransa walijaribu kupata kitu cha jinsi hiyo bila dini: mwaka 1985 wasomaji wa Le Monde waliunda chama chao na kununua hisa, na huko Berlin gazeti la taz limekuwa mali ya ushirika tangu 1992. Msomaji mwenye hisa hulivumilia gazeti lake linapokosea, kama mtu anavyovumilia shamba lake mwenyewe mwaka wa ukame. Nimejiuliza kwa nini Tanga, mkoa uliojaa vyama vya ushirika vya mkonge na matunda, haukujaribu, na jibu langu ni la kifukara: mkulima aliyeliwa fedha zake na chama cha msingi hatatoa nyingine kwa ajili ya gazeti.

Mwishoni mwa 2020 New Habari ilisitisha kuchapa magazeti yake. Yaliyobaki sokoni hufika Korogwe machache, na Handeni machache zaidi, ila hakuna mtu aliyekosa kuyaona. Saa kumi na mbili asubuhi picha za kurasa za mbele zimeshaingia kwenye makundi ya simu: la walimu, la wafanyabiashara wa machungwa, la wazawa wa kijiji walioko Dar es Salaam. Ukurasa wa ndani wenye jina la mwandishi haumo, wala ule mstari mdogo wa ukurasa wa mwisho unaotaja mchapishaji. Msomaji wa sasa akiulizwa habari ameitoa wapi hataji gazeti. Anamtaja aliyeituma, mwalimu fulani au diwani, na anamwamini au kumdharau huyo kwa rekodi yake. Hapo, angalau, umiliki hauna siri: kundi likibadilishwa jina, simu ya kila mwanachama humwandikia papo hapo, na kumtaja aliyelibadilisha.